Bingo ya Bi Hargrove

Basi la mjini Saint Paul lilijaa makoti yenye theluji. Odell alijifanya amelala, masikio kayatega. Nyuma yake mama kijana alikuwa akimsimulia mwanamke mwenye miwani habari za shule ya mkataba ya mtaani kwao, ile inayolipiwa na serikali lakini inajiendesha yenyewe.

"Sheria ya jimbo inasema watoto wakizidi nafasi, ipigwe kura ya bahati nasibu. Basi mkuu wa shule, Bi Hargrove, akatia majina kwenye pipa la bingo la kanisani, lile la kuchanganyia namba za mchezo, akalizungusha mbele yetu sote. Binti yake mwenyewe akakosa nafasi!"

"Si sheria hiyo hiyo inaruhusu watoto wa wafanyakazi wa shule waingie bila kura?"

"Inaruhusu. Akasema hawezi kumpitisha wake mbele ya mtoto wa mwenzake."

"Sheria mbovu ile, dada. Inatunyang'anya wanafunzi sisi wa shule za kawaida."

Odell alikubaliana na wote wawili, maana hakuna aliyemuuliza.

"Lakini Bi Hargrove ni mwanamke wa shoka, mama," alisema yule mama kijana. "Kubali."

Basi likasimama. Mwenye miwani akainuka, akijifunga skafu.

"Sheria siipendi, na sitaipenda. Ila huyo binti ninaye darasani. Kila asubuhi mama yake humleta hadi mlangoni, ananiita mwalimu. Hajawahi kuniambia kwamba naye anaongoza shule."

Akashuka.