Spana na Mabomba ya Nyumbani Kwake

Fundi wetu wa mabomba, ambaye hospitali nzima inamwita Spana, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ametumikia hapa miaka thelathini na moja. Wenye jarida la hospitali waliniambia niseme maneno mafupi na matamu. Mafupi nitajaribu.

Mimi ni yule bibi wa chumba cha kufulia. Shule sikwenda, nasema na karani anaandika, na nimeshamwonya asinipunguzie neno.

Spana alikuja hapa kijana mwembamba, spana mfukoni, mdomo haufungi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa wodi ya wazazi. Bomba la ukutani lilikuwa linaguna, mama akisikia anadhani ni mwenzake kitanda cha pili ameshikwa na uchungu. Mafundi waliomtangulia walitaka kubomoa ukuta wote. Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni, akawaambia wauguzi, "Nyamazeni kidogo, mgonjwa wangu anaeleza." Akatembea nalo bomba lile mpaka bafuni. Kumbe ni kampira ka ndani ya koki kamelika, maji yakipita kanatetemeka na bomba zima linaitikia. Akabadilisha kampira, wodi ikatulia.

Kwangu ilikuwa vita. Nikifunga koki kubwa ya mashine ya kufulia, ukuta unapigwa kishindo mpaka chumba cha upasuaji, daktari anasimamisha kisu hewani. Spana alikuja akasimama akinitazama. "Shemeji, wewe hufungi koki, wewe unanyonga mtu."

Nikamjibu ningekuwa na wa kumnyonga ningeanza na yeye.

Akacheka, halafu akanifundisha. Maji yanayokimbia ukiyakatiza ghafla hayana pa kwenda, yanagonga. Akasimamisha kipande cha bomba karibu na koki, juu amekiziba, ndani kuna hewa, ili kishindo kipokelewe na hewa badala ya ukuta. Tangu siku hiyo daktari hana kisingizio.

Ananiita shemeji kwa sababu mkewe ni shoga yangu. Alikuwa anashona mashuka chumba cha pili kutoka kwangu. Wengi wenu mmelalia mshono wake.

Sasa nije kwenye lile mlilokuwa mkilicheka. Msijifanye hamkumbuki. Nyumba ya Spana, ile ya mwisho kwenye nyumba za wafanyakazi, ndiyo iliyokuwa na mabomba yenye kelele kuliko zote. Ukipita nje unasikia jikoni kunavuma, ukumbini kunatikisika, chooni tangi linaimba. Mlikuwa mkisema fundi wa kunyamazisha mabomba ya watu, kwake ni karakana. Mlisema mbele yake, naye alicheka pamoja nanyi. Mwaka ule nafasi ya mkuu wa mafundi ilipokuwa wazi, kamati ilizunguka kukagua nyumba. Walifika kwake, wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja alisema, "Kama kwake kuko hivi, sisi atatufanyia nini?" Nafasi akapewa mwingine. Spana akarudi kazini kesho yake na masihara yake yale yale.

Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Hakuisema.

Shoga yangu alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla polepole, jicho moja, kisha la pili. Alipoacha kushona aliwaambia ni mgongo, mkaamini. Mimi nilijua kwa kuwa ndimi niliyekuwa namsuka nywele. Alituapisha sote wawili, mimi na mumewe. "Sitaki kushikwa mkono na watu niliowashonea," alisema, na ukimjua yule mwanamke, hubishani.

Basi mumewe akaipa nyumba sauti. Alikwenda chumba kwa chumba na spana yake akifanya kinyume cha kazi yake. Jikoni aliweka mpira uliolika, ili koki ikiwa wazi ivume na mkewe ajue maji yanatoka. Ukumbini alilegeza vibano vinavyoshika bomba, likawa linatikisika kwenye ukuta mzima, mtu alifuate mpaka bafuni. Tangi la chooni aliliacha liimbe na kunyamaza likijaa. Na koki ya nje, anayonawia mikono akitoka kazini, aliifanya igonge ukuta wa chumbani mara moja ikifungwa. Kwa kishindo hicho mkewe alijua amerudi, na ni yeye. Kila kitu alikijaribu akiwa amefumba macho mwenyewe. Alijigonga kwenye meza, shoga yangu akamcheka mpaka akakaa chini.

Wameishi hivyo miaka. Alipika, alifua, alipokea wageni, akawamiminia chai bila kumwaga. Mlikunywa chai ile, mkatoka nje mkacheka mabomba.

Mwezi uliopita, Spana akiwa kazini, ofisi ya nyumba ilituma mafundi wa nje waiandae nyumba kwa atakayeingia. Mwenye nyumba hajatoka, wao wanaandaa. Walipaka rangi, wakakaza kila kibano, wakabadilisha kila mpira. Siwalaumu wale vijana, walitumwa na walifanya kazi safi. Shoga yangu alisikia wakigongagonga akadhani ni mambo ya rangi.

Walipoondoka alifungulia maji ndoo jikoni. Mlango ukabishwa, jirani anaomba chumvi, wakazungumza. Zamani jikoni kungekuwa kunavuma mpaka mlangoni na angekumbuka. Siku ile nyumba ilikuwa kimya. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatandaa sakafuni, na yeye akarudi akitembea kwa imani. Spana alimkuta amekaa ndani ya maji, mkono umepinda kwenye kifundo.

Mkono ulifungwa plasta hapa hapa kwetu. Hapo ndipo mlipoanza kuulizana kwenye korido, "Kwani haoni?" Mnaulizana leo!

Jioni ile Spana alitoa spana mfukoni alegeze vibano vyake. Afisa nyumba akamwambia nyumba imeshakaguliwa, akigusa kitu ni kuharibu mali ya hospitali. Mimi nikaenda ofisini kwake na aproni yangu mbichi. Nikamwomba jambo moja: waachiwe nyumba ile, na kelele zake, angalau mpaka plasta itoke. Akaniambia, "Bibi, utaratibu ni utaratibu. Halafu nyumba sasa imetulia, anayeingia atafurahi." Nikamwambia mwanangu, siku macho yako yakikusaliti, Mungu akupe mume kama Spana. Akasema yeye ni mwanamume. Nikamwambia ndiyo maana namwomba Mungu, mimi siwezi.

Hawakuachiwa. Wamepata chumba kimoja mtaa wa nyuma ya soko. Ni kisafi, kina dirisha. Bomba liko uani, la wapangaji wote. Ndani ya kuta za chumba kile hakuna hata kipande cha bomba, na Spana mwenye ufundi wote huo hana cha kulegeza. Nilimkuta juzi amesimama katikati ya chumba kitupu, spana mkononi, anazitazama kuta. Siku hiyo hakunitania.

Nilimuuliza shoga yangu kama niyaseme haya kwenye jarida. Alisema, "Sema. Waliocheka washibe."

Nimesema. Spana, hospitali hii imelala usingizi kwa ajili yako, wagonjwa na wazima, na wengi hawakujua wamshukuru nani. Mimi nashukuru kwa niaba yao, na kwa niaba ya waliokucheka pia, wakiwa bado wanatafuta maneno. Asante, shemeji.

Na ninyi mnaokuja kwenye sherehe mmevaa vizuri, msiishie kwenye keki. Nendeni mkamtembelee mkewe. Mimi nitakuwa napita kila asubuhi kabla ya kazi, na mnanijua sijawahi kuingia mahali polepole. Mkifika, msinyate kwa adabu. Itaneni majina tangu uani. Buruzeni viatu. Kiti mkikisogeza, kilie. Mkichota maji, pigeni ndoo chini ajue imejaa na imewekwa wapi. Mkiondoka, fungeni mlango kwa kishindo, asibaki anazungumza na mtu aliyekwisha kwenda.

Spana, na wewe shoga yangu: Mungu awape uzee mrefu, na chumba kile kisipate siku hata moja ya utulivu.