Mtoto wa Darajani Mnyuzi

Sogeeni, wanangu. Mwanangu Zaidi, kaa hapo miguuni pangu, Maryamu njoo huku kichwani, na wewe mjukuu wangu Ikram fungua dirisha, maana nina maneno ya kusema na pumzi niliyobakiwa nayo ni haba. Nikisita msinikatize, nikinyamaza ngojeni.

Nyumba hii ya Manundu na shamba la Magoma mtagawana kwa sheria ya dini yetu, na Zaidi, usimdhulumu dada yako kwa kuwa tu hakulelewa hapa. Lakini thuluthi ya shamba, ile ninayoruhusiwa kuwausia wasio warithi, nampa Mdoe wa kule Usambarani, mjukuu wa Elina. Zaidi na Maryamu, najua hamumjui Elina. Jina hilo sikulitaja kwa miaka sitini na zaidi, na ndilo nililowaitia.

Mama yangu alikufa ningali mdogo, baba akaoa Mshambaa, Elina, naye akanilea pale Mnyuzi kama aliyenizaa. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nikiwa na miaka kumi, shangazi yangu Mwantumu alifiwa na mtoto mchanga kwa homa, na msiba ukamla akili, akataka mtu wa kumbebesha lawama. Siku tatu alinisuka nywele huku akinifundisha la kusema: kwamba nilimwona Elina akikizunguka kitanda cha mtoto, uchi wa mnyama. Nikasema hivyo mbele ya wazee, neno kwa neno. Elina hakubisha. Alinitazama, akafunga nguo zake kwenye khanga, akaifuata njia ya reli kwa miguu, jua la utosi. Nilimkimbilia mpaka darajani. Akageuka akaniambia, “Rudi mwanangu, huna viatu, kokoto zitakuunguza.” Kisha akavuka, na hatukumwona tena.

Mimi nilirudi nyumbani. Yule mtoto aliyemkimbilia hakurudi.

Msinitazame hivyo, akili zangu ninazo. Tangu mwaka ule watu wa Mnyuzi humwona msichana pale mwisho wa daraja, adhuhuri, peku, akiinua mguu huu na kuushusha ule kama aliyekanyaga makaa. Wengine walisema jini, wengine mtoto aliyegongwa na treni. Marehemu baba yenu Ramadhan, alipokuwa akitengeneza reli, alimwona akigeuka, na juu ya jicho alikuwa na kovu hili hili langu. Alikuja nyumbani akanisimulia, akalitazama paji langu, akaomba maji ya kunywa, na hakulisema tena hadi kufa kwake. Watu huacha mzimu wakishakufa. Mimi niliuacha wangu ningali hai.

Maryamu, hili ni lako. Ulipotimiza miaka kumi uso wako ulikuwa wa yule msichana wa darajani, na kila uliponiita mama nilisikia sauti yake kutoka kule relini, nikakupeleka Handeni kwa wifi yangu nikisema ni kwa ajili ya shule. Haikuwa shule. Nilikuogopa, mwanangu wa kumzaa. Kosa halikuwa lako hata chembe, nami nakuomba msamaha mbele ya kaka yako.

Mwaka jana nilipougua nilimfungulia Ikram moyo wangu, naye, kwa kuwa kazi yake ya uuguzi imemzoesha watu wenye mioyo mizito, aliniambia, “Bibi, mwandikie yule mtoto uliyekuwa. Mwambie ambalo hakuna aliyemwambia.” Herufi nilizipata kwenye elimu ya watu wazima, basi nikachukua daftari. Barua ya kwanza nilimtukana. Niliandika: Mwongo wewe, umemuua mama yako kwa ulimi. Nikaificha chini ya godoro, hakuna aliyeiona. Kesho yake Semboja, yule anayetuletea machungwa kutoka Mnyuzi, akanisimulia kwamba yule mtoto wa darajani, ambaye miaka yote alikuwa kimya, ameanza kulia, na wanawake wanakataa kwenda shamba kwa njia ile.

Nikajua barua yangu imemfikia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mwiba huu mtoto alichomwa na mtu mzima aliyemshika mguu. Nikaandika ya pili: Swaumu, ulikuwa na miaka kumi. Uongo ule waliupika wakubwa, wewe ulipewa sahani tu uibebe. Ngoja hapo hapo, nakuja. Semboja aliporudi alisema mtoto amenyamaza, lakini sasa amesimama akiielekea njia ya kuja huku kwetu Korogwe.

Nilinunua kandambili ndogo, nikachukua bajaji na Ikram. Nilisoma barua kwa sauti pale darajani, nikaziweka kandambili juu ya kokoto, nikageuka bila kutazama nyuma. Ikram hakuona kitu. Lakini tulipokuwa tunapanda, dereva alituambia, “Mtoto akae katikati, Bibi, njia mbaya hii.” Ikram yupo hapo, muulizeni.

Tangu siku hiyo nimelala usingizi ambao sikuujua tangu utotoni, na nikapata nguvu ya kumtuma Ikram milimani. Elina alikwisha kufa zamani, lakini Mdoe alisema bibi yake kila mara alipohesabu watoto wake alianza na binti aliyebaki Mnyuzi. Alinihesabu, wanangu. Miaka yote ile nilihesabiwa.

Basi shangazi Mwantumu nimemsamehe, na watoto wake msiwanunie. Damu haiwi maji. Daftari langu msilichome, mpeni Maryamu, na kurasa zilizobaki ni zake, amwandikie yule aliyepelekwa Handeni. Mnizike Mnyuzi. Msiogope mkisikia… mkisikia miguu midogo humu ndani, haina ubaya, ilikuwa inangoja tu.

Zaidi, Mungu akupe moyo mpana. Ikram, mikono yako iponye. Wote nimewaridhia, duniani na akhera, radhi isiyo na kinyongo… Nipeni maji kidogo. Basi. Yametosha.

Maryamu, nishike mkono… si huo, mwanangu. Huo umekwisha kushikwa.