Redempta Modesti, Aliyepima Jiwe Kati ya Almasi Mbili

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Redempta Modesti, aliyefariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Malangali, hapa Sumbawanga. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wengi mlimjua kama mwalimu wa fizikia. Wachache mlijua kwamba aliwahi kuwa mtafiti, na kwamba utafiti wake uliibwa na mtu aliyemwita kaka.

Alizaliwa Mollo, kwa wakulima wa ulezi. Mwaka 1991, enzi za ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imejaa kila kona ya mji, yeye alipata ufadhili wa kwenda kusoma Ulaya. Alipokewa uwanja wa ndege na Mtanzania mwenzake, Theodory, aliyemtangulia mwaka mmoja. Theodory alivua koti lake akamvika. "Dada, baridi ya huku haina mzaha," alimwambia. Wakawa wanapika ugali pamoja, wanafanya kazi maabara moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yako mawe ambayo elektroni ndani yake zimebanana mno. Moja ikitaka kusogea, nyingine zinaizuia, na umeme haupiti. Redempta alichukua punje ya jiwe kama hilo, ndogo kuliko chembe ya ulezi. Aliibana kati ya ncha mbili za almasi, kwenye baridi kali kupita barafu. Kisha aliimulika kwa miale ya infraredi na mawimbi ya terahezi, asione kitu kwa macho, asome tu kwenye mchoro mwanga uliopotea ndani ya jiwe. Miezi kumi na minne alipima. Siku moja, mgandamizo ulipofika kiwango fulani, elektroni zikaachiana njia. Jiwe lisilopitisha umeme likaanza kuupitisha. Alicheka peke yake mle maabara.

Januari 1994 mama yake aliugua. Akiondoka kuja kumuuguza, Redempta alimkabidhi Theodory daftari lake la vipimo. "Kaka, bado vipimo vitatu tu. Nakuja."

Mama alifariki mwezi Machi. Redempta alipoandika kuomba tiketi ya kurudi, profesa wake alijibu kwa barua fupi: ufadhili umefutwa, tunakutakia ndoa njema.

Mdogo wake, Coleta, anakumbuka. "Dada aliisoma amesimama. Akaniuliza, 'Coleta, mimi nimeolewa lini?'"

Theodory ndiye aliyewaambia kule chuoni kwamba Redempta ameolewa, kwamba hatarudi. Mwaka uliofuata makala ikatoka kwenye jarida la kisayansi. Michoro ya Redempta. Namba za Redempta. Jina la Theodory, na la profesa. Redempta alimwandikia profesa, hakujibiwa. Aliliandikia jarida. Lilitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwenye daftari, na daftari alikuwa nalo Theodory.

Serikali ilikuwa imebana ajira, vyuo havichukui watu. Akaingia kufundisha sekondari hapa mjini.

Lakini katika makala ile aliona kosa. Mchoro mmoja ulikuwa na bonde la kina, mahali mstari uliposhuka ghafla, na Theodory alilisifia kuwa ndilo ugunduzi wenyewe. Redempta alilijua bonde lile. Ulikuwa mvuke wa maji ulioingia na hewa kwenye chombo pampu ilipovuja, na mvuke hunywa sana mawimbi ya terahezi. Kwenye daftari, pembeni ya mchoro huo, alikuwa ameandika onyo kwa Kifipa, lugha ya kwao, ambayo Theodory haijui.

Alimwandikia: "Kaka, hilo bonde si la jiwe. Sahihisha kabla hawajakucheka." Wasikilizaji, hata baada ya yote yale, alimwonya. Theodory hakujibu.

Miaka ikapita. Watafiti wengine wakarudia kipimo, bonde hawakulikuta. Theodory alipobanwa akalitaja jina la Redempta kwa mara ya kwanza. Alisema vipimo vilikuwa vya Redempta, na kosa ni lake.

Ndipo profesa alipodai daftari. Akatuma nakala ya ukurasa ule Sumbawanga, akiuliza maneno yale yana maana gani. Redempta akamtafsiria: "Huu ni mvuke, si jiwe. Nirudie kesho." Mwaka 2001 makala iliyosahihishwa ilitoka, jina lake likiwa la kwanza. Lakini nafasi ya masomo haikurudi. Miaka saba ilikwisha kwenda.

Theodory alipiga simu shuleni kuomba msamaha. Coleta alikuwapo. "Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, 'Ungekosea kipimo ningekusamehe siku hiyohiyo. Wewe uliniozesha, Theodory.' Akaweka simu, akarudi darasani."

Hakumsamehe. Coleta ameniomba niseme hivyo, nisipambe.

Tunampa pole Coleta, ukoo wote wa Mzee Modesti kule Mollo, walimu wenzake na wanafunzi wake. Mungu awatie nguvu. Nasi tulio hai, kila mmoja ajiulize: ni kazi ya nani nimeiita yangu? Kama yupo, na bado anapumua, mtafute leo. Redempta Modesti tumemzika Jumamosi.