Fundi Viatu Ndani ya Faili la Nowruz

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao nje ya duka la mikate, Dandenong, ugenini, ambako Wahazara wachache waliokimbia kwao hukutana kila asubuhi kwenye chupa ya chai ya kijani. Redio yumo, mwenye habari kabla hazijatokea. Wakili naye yumo, aliyesomea sheria kwenye foleni za uhamiaji. Siku hiyo Nowruz aliwafikia akitoka mahakamani, shati limemganda mgongoni. Miaka sita alikuwa akipigania viza ya ulinzi wa mkimbizi aliyonyimwa, na siku hiyo ndipo iliposomwa hukumu ya rufaa yake.

— Vipi? Redio akadakia.

— Nimeshinda.

Wakamrukia kwa shangwe. Yeye kasimama kama gogo.

— Mbona uso kama wa mfiwa?

— Jaji kasema walioninyima walipima maisha ya mtu mwingine. Kurasa mbili nzima za uamuzi wao! Fundi viatu wa Jaghori, mkono wa kushoto una kovu, mdogo wake Yaqub kauawa barabarani. Mimi mchunga kondoo wa Malistan, sina ndugu hata wa dawa. Basi uamuzi umefutwa, nitasikilizwa upya.

— Kompyuta hiyo, kaka, Redio akasema. Imechanganya mafaili.

— Kompyuta wapi! Wakili akasogea. Huyo fundi keshakufa. Anatafuta wa kumsemea.

— Toka hapa na uchuro wako!

— Sitanii. Nowruz, we hujaona kitu?

Nowruz akakaa. Hili hakuwa amemwambia mtu.

— Tangu nisomewe ile barua ya kuninyima viza, mkono huu wa kushoto unakufa ganzi kila alfajiri. Na juzi nilisinzia simu ikiwa hewani. Mke wangu, kule Quetta, kaniuliza Yaqub ni nani. Eti nilikuwa namwita huku nalia.

Redio alianza kucheka, akaishia kuutazama ule mkono.

Mama mmoja, mgeni pale, aliyekuwa akisubiri mkate wake, akawageukia.

— Samahani, kaka zangu. Kama maisha yake yaliingia kwenye faili lako, kwenye faili lake waliandika ya nani?

Nowruz akaikunjua hukumu, akaipekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina la yule fundi. Hamna. Mahakama ile haiandiki majina ya waomba hifadhi. Huandika herufi na namba tu, hata mahali pa jina lake mwenyewe.