Damaris Nasimiyu na Mlango Uliopakwa Mafuta

Familia, majirani na waombolezaji, leo tunamzika mtu ambaye hangekubali tuingie hapa na viatu.

Damaris Nasimiyu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1972 katika boma hili, nje kidogo ya Kimilili, binti wa mwisho wa marehemu Mzee Dedan Wafula na marehemu Mama Milka. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya mto hadi darasa la nane, mwaka 1987. Alikuwa monita. Mwalimu mmoja aliwahi kusimamishwa mlangoni apanguse matope. Akapangusa.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na Bwana Henry. Hawakujaliwa mtoto, ila walijaliwa wageni tele, nikiwemo mimi mpwa wake, Levis. Henry alitangulia Doha kuendesha gari. Marehemu akamfuata mwaka 2007, akawa mpiga pasi hotelini.

Chumba chao cha huko Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nilikofikia nami, kilikuwa madhabahu. Kila Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya ibada, alipaka mlango mafuta ya zeituni, miimo na kitasa, mpaka wageni wakawa wanashindwa kutoka. Muziki wa dunia uliachwa kwenye ngazi. Alitaka jambo moja tu: nyumba safi, ndoa isiguswe na adui.

Mwaka 2012 mashati ya Henry yakaanza kunukia udi. Dada Peninah, mwenzake wa maombi, aliyekuwa yaya kwa Waarabu, akatoa ufunuo: "Ni pepo la jirani, mama. Linapita ukutani."

Jirani huyo alikuwa Hidaya, Mtanzania wa Tanga, aliyezoea kutuletea mbaazi za nazi. Marehemu akamrudishia bakuli tupu, akamkataza kubisha hodi.

"Haya, dada," Hidaya akasema. "Ila udi wangu ni wa bei ya chini. Huo wa mumeo ni wa kitajiri."

Hakusikilizwa. Marehemu na Peninah walifunga na kuomba, bega kwa bega, wakiyakemea mashati.

Ijumaa moja ya Machi 2014, Peninah alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Kwa tajiri wake, nguo za nyumba nzima hufukizwa udi. Akamkumbatia marehemu. Marehemu akamnusa bega.

"Dada, na wewe limekupitia ukutani?"

Peninah akakimbilia mlango. Kitasa kikamteleza, kikamteleza tena.

Henry alihama wiki hiyo, akamfuata Peninah. Kanisani tukaambiwa tuwaombee wote watatu, kana kwamba wote walikosa.

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Aliyebisha hodi ni Hidaya, na bakuli lilelile, lina uji.

"Nilikuombea mabaya, Hidaya."

"Nilisikia. Ukuta mwembamba. Kunywa, usipoe."

Alimuuguza hadi tarehe 2 Oktoba 2017, marehemu alipofariki hospitalini akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha kaka yake Silvesta. Sisi wapwa zake. Hidaya, ambaye familia hii inamwita dada. Na Bwana Henry, aliyejitafutia kiti mstari wa mbele.

Gauni alilovaa lilifukizwa na Hidaya, kwa ombi la marehemu mwenyewe. Mtakapopita kumuaga mtaisikia hiyo harufu. Asikemee mtu. Ni ule udi wa bei ya chini. Bwana Henry atajua tofauti.

Lala salama, Shangazi. Huko uliko, mlango anaulinda Mwenyewe.