Vipimo Vilivyosagwa Uso

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena kizingiti. Absalom, sogea nawe; hukuzaliwa nami, lakini umekoleza moto wa karakana yangu tangu ulipotoka Maragoli, basi sikiliza kama mwana.

Mimi Zacharia Munyao wa Muthoka namwachia Nzomo shamba la Mugutha. Nyumba hii ya Kamenu ni ya Mwongeli, na asiseme mtu kwamba binti ataolewa aende nayo, kwa kuwa ni yeye aliyenilisha. Ndugu yangu Kaleli, ambaye hatujasalimiana tangu anicheke sokoni kuwa natoboa vyuma visivyolima wala kuchinja, aitwe abebe jeneza upande wa kichwa. Nimemsamehe, uzito atauona mwenyewe.

Sasa neno linalonizuia kufumba macho. Kazi yetu hapa Thika ni ndogo kwa anayeitazama. Tunapasha kipande cha chuma moto, tunakizimisha kwenye mafuta, tunakirudisha kwenye moto wa taratibu, tunakiacha kitulie, kisha tunakisaga uso mmoja hadi ulale sawa. Mashine inakandamiza kigololi juu ya uso huo, hapa na pale, na vishimo vyote vikilingana tunajua ugumu wake ni mmoja, ndipo tunapogonga namba na muhuri wetu ubavuni, kikawa kipimo. Mwenye kiwanda hukitumia kuijaribu mashine yake ya kupimia ugumu: isiposoma namba ile, anairekebisha. Uso ukijaa vishimo, kipimo hicho kimekufa. Hakisagwi kikarudi kazini, kwa sababu kila kishimo hushindilia chuma cha chini yake kikawa kigumu zaidi, na jiwe la kusagia haliondoi kilichoingia ndani.

Hilo unalijua, Nzomo. Hata hivyo ulivichukua vilivyokufa, ukavisaga vikang'aa, ukavipeleka kiwanda cha visu vya mashine za katani kule Ruiru, muhuri wangu ukiwa ubavuni. Absalom alipokuuliza ukamjibu, "Wewe koleza moto, mambo ya uso niachie mimi." Nami nilipokuuliza ukasema, "Baba, nani ataona? Kinang'aa kuliko kipya." Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jana Mwongeli alikijaribu hiki kilichobaki, mbele yangu, na vishimo havikulingana.

Fundi wa Ruiru ataona mashine yake inasoma juu, ataishusha, na visu vigumu kupita kiasi vitapita kama vyema. Kisu cha namna hiyo hakipindi, kinavunjika, na mashine ya katani ikiwa inazunguka, kipande kinaruka kumtafuta mtu. Selpha, mke wa Absalom huyu, ndiye anayelisha majani kwenye mashine kama hiyo. Mtazame Absalom, Nzomo. Usitazame sakafu.

Muhuri nampa Mwongeli. Usininunie, utaupokea kwake siku atakapoona mkono wako umetulia, na kuona huko ni kwake, si kwa wajomba wala kwa wazee wa kanisa. Lakini kwanza utakwenda Ruiru, leo, si baada ya mazishi. Mwambie fundi kwa kinywa chako kwamba uliwapa vipimo vilivyokufa, virudi vyote, na visu vilivyokwisha kupita vijaribiwe upya. Usimtume Absalom, wala usiseme mzee alikosea kwa sababu ya macho. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hicho kisije kikatoka nyumbani kwa Selpha. Pasi yako ya kusafiri, ambayo bila hiyo askari watakurudisha njiani, iko mfukoni mwa koti langu. Vipimo vikirudi, Mwongeli, kwangua muhuri uvitupe kwenye vyuma chakavu.

Niinue kidogo. Maji... basi, yametosha.

Mungu wa baba zangu awape mikono isiyoogopa kujaribiwa. Chakula cha Mugutha kiliwe na nyumba zote mbili, ya Nzomo na ya Mwongeli. Absalom, wewe na Selpha mmo katika baraka hii. Nawe Nzomo umo, pamoja na aibu yako. Sikungoja aibu ikutoke kwanza ndipo nikubariki.

Taa... au ni macho yangu. Nzomo, bado nakusikia ukipumua hapo mlangoni. Nenda, mwanangu.