Mashine Tuliyoijaribu kwa Maji

Nimezoea kusimama mahali nikingoja kuondoka. Kusimama mbele ya watu kueleza kwa nini nimebaki ni jambo geni kwangu, kwa hiyo mnivumilie. Mwenyekiti wa chama chetu ameniomba niseme kwa sababu wiki ijayo baadhi yenu mnakwenda kuchagua mashine za kupakia bidhaa zenu, na mimi niliwahi kuchagua moja. Majina sitataja. Wanaohusika wako hai, na wengi ni jamaa zangu.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka Meru. Nimefanya kazi Mombasa, Eldoret, Lodwar, hadi Juba. Kila mahali nilikaa mwaka mmoja, miwili, kisha miguu ikaanza kuwasha. Lakini popote nilipokuwa nilikumbuka kitu kimoja: pombe ya mtama na asali iliyokuwa ikipikwa kwa nyanya yetu kule Siakago wakati wa mavuno. Sisemi habari za kulewa, akina mama msinitazame hivyo. Nasema harufu yake.

Nilipopita miaka arobaini nikarudi, nikamkuta binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaipika. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha bia, akaacha, akapata leseni yake na kukodi jengo dogo Siakago. Bia yake ilikuwa nyepesi, yenye gesi safi, na asali uliisikia mwishoni kabisa, ukishameza. Nilikunywa glasi moja nikaiweka chini.

"Mbaya?" akaniuliza.

"Hapana. Nimefika nyumbani."

Nikaweka kwake kila nilichokuwa nimechuma huko nje. Yeye alikuwa akiiuza kutoka kwenye pipa, papo hapo Siakago, na alitosheka. Mimi ndiye niliyetaka ifike mbali. Nilitaka mtu aliyeko Lodwar, asiyelala kwa joto, afungue mkebe asikie harufu ya kwao. Kwa hiyo tukaanza kutafuta mashine ya kujaza na kufunga mikebe.

Tulionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ina mirija minne mirefu inayoingia mpaka chini ya mkebe. Inapuliza gesi kwanza kutoa hewa, kisha inajaza polepole kutoka chini kwenda juu. Mikebe minne, unangoja, mikebe minne, unangoja. Ya pili ilikuwa ndefu, chuma kinang'aa, ina mkanda unaotembea na midomo kumi na miwili inayomimina kutoka juu. Muuzaji wake alikuwa na maneno matamu. "Hii itamaliza kazi mkiwa bado mnasalimiana," alisema.

Binamu aliipenda ile ndogo. Nikamcheka. "Wewe unataka bia ama unataka kukamua ng'ombe?"

"Sawa," akasema, "tuchukue kubwa. Lakini kwanza tuijaribu kwa bia yetu."

Sasa sikilizeni hapa. Mashine hiyo ilitaka stima ya fezi tatu, ile yenye nguvu ya viwandani, na kule Siakago tulikuwa bado hatujaunganishiwa. Mjomba wetu, kaka wa mama zetu, ana kinu cha kusaga mahindi hapa Kinoru, na stima hiyo anayo. Akakubali mashine ijaribiwe kwake. Lakini ni mzee wa kanisa. Siku hiyo alisimama langoni na kofia yake mkononi.

"Mashine iingie. Pombe haivuki hapa."

"Mjomba, ni lita ishirini tu," binamu akamwambia. "Na hakuna atakayekunywa."

"Hata kijiko."

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa hapa, mnajua mjomba kwetu ni nani. Baba yako unaweza kubishana naye mkapatana jioni. Mjomba akikutamkia neno baya, unazeeka nalo. Nikamvuta binamu kando nikamwambia, "Tuijaribu kwa maji. Maji na bia tofauti ni rangi tu."

"Tofauti si rangi."

"Unataka tulaaniwe kwa sababu ya lita ishirini?"

Akalirudisha pipa la bia kwenye gari. Maji yakamiminwa, mikebe ikajaa sawasawa, vifuniko vikakaa, hakuna tone lililomwagika. Mjomba mwenyewe akapiga makofi. Tukainunua siku hiyo hiyo.

Ilipofika Siakago na stima ikaletwa, tukatia bia. Povu! Bia ikimwagwa kutoka juu inachafuka, gesi inatoka yote, mkebe unajaa povu hadi linamwagika miguuni. Likishuka, mkebe uko nusu, na juu kumejaa hewa. Tukawa tunaongeza kwa jagi kabla ya kufunga. Binamu alikuwa amelowa hadi magoti. "Hii si sawa," alisema. Nikamjibu, "Itazoea." Kama ndama.

Tukasambaza Embu mjini, Meru, hadi Nanyuki. Wiki ya tatu simu zikaanza. Mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko la Gakoromone alinipigia asubuhi, hata salamu hakutoa. "Njoo uchukue vitu vyako. Wateja wananiambia ni kama kunywa katoni iliyonyeshewa." Nikaenda. Mteja mmoja akaniita mezani kwake. "Ni wewe wa mikebe? Mimi niliomba bia, ukaniletea maji ya kuoshea sufuria ya uji." Meza nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu.

Hayo yalipita. Kilichonimaliza ni binamu yangu. Yeye aliamini kwamba ni upishi wake. Alibadilisha hamira, akamwaga tangi, akapika upya, akamwaga tena. Alisugua matangi mpaka ngozi ya vidole ikatoka. "Nimeharibu wapi?" alikuwa akiniuliza. "Niambie, wewe una pua ya zamani. Nimeharibu wapi?"

Nawaambia ukweli, nilishuku mashine tangu siku ya povu. Ningeweza kusema, "Ni ile mashine niliyokulazimisha." Sikusema. Nilimwambia labda ni mtama wa msimu huu.

Akawaendea akina mama waliokuwa wakimletea mtama, akawaambia wasilete tena. Akafunga. Akapata kazi ya kuuza dawa za mifugo katika duka pale Siakago. Mtu aliyekuwa akinusa mtama na kukuambia kama ulinyeshewa shambani, sasa anapima dawa ya kupe.

Mimi nilibaki kuuza mashine. Akaja mwenye kutengeneza juisi ya maembe, pamoja na fundi wake, mama wa makamo mwenye ovaroli. Fundi akataka kuiona ikifanya kazi. Nilikuwa na pipa moja la mwisho lililofungwa, nimelihifadhi kwenye baridi. Akaitazama bia ikimwagika mara moja tu, akazima.

"Mliijaribu na nini kabla ya kununua?"

"Maji."

Akacheka, kisha akaniona uso akaacha. "Maji yatatoa wapi povu, baba? Hii ni mashine ya juisi. Hewa yote hiyo mliifungia ndani pamoja na bia. Hata ingepikwa na malaika ingeharibika." Akakinga kidogo kutoka kwenye pipa, akaonja. Akaonja tena. "Aliyepika hii yuko wapi?"

"Anauza dawa za ng'ombe."

"Anajua kwamba si yeye?"

Begi langu lilikuwa tayari limefungwa. Nilikuwa nimeamua mashine ikiondoka nami niondoke, Isiolo kwanza, halafu popote. Miguu ilikuwa inawasha vile vile. Lakini swali la yule mama lilining'ang'ania. Nikaliacha begi nikaenda dukani kwa binamu.

Nilimwambia nikiwa nimesimama mbele ya kaunta. "Bia yako haikuharibika. Ni mashine. Nilishuku tangu siku ya kwanza."

Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Nipeni dawa kwanza, mtagombana baadaye."

Binamu akampimia mzee dawa, akamwelekeza namna ya kuichanganya, akamuaga vizuri. Kisha akasema, "Miezi saba. Nilidhani ni mikono yangu." Akaniomba nitoke. Nikakaa nje mpaka akafunga duka, akanipita akaenda zake. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu akanitolea kiti. Hakukaa nami. Kiti tu.

Mjomba pia nilimweleza. "Mngeniambia kwamba ni lazima iwe bia," akasema, "ningekwenda zangu sokoni siku hiyo, niwaachie kiwanja." Hakuna aliyemuuliza. Tulimwogopa, tukadhani hiyo ndiyo heshima.

Ningependa kuwaambia kwamba tulianza upya. Hatukuanza. Mashine sasa inajaza juisi, na inafanya kazi vizuri. Binamu hajapika. Nimemwomba mara mbili, akasema akinusa mtama anasikia katoni. Wale akina mama wa mtama sasa wamepanda ndengu. Mimi nabeba magunia kwenye kinu cha mjomba, na mtu akienda kuangalia mashine huniita niende naye. Nilichopata ni hicho.

Kwa hiyo wiki ijayo, mwenye asali abebe asali yake, mwenye maziwa abebe maziwa. Mashine ijaribiwe kwa kile itakachofanyia kazi, hata kama ni kugonga lango la mtu unayemwogopa na kumwomba vizuri. Na mwenzako akikuambia jambo la kazi anayoijua, usimnyamazishe. Ukishuku, sema siku hiyo hiyo. Miezi saba ni mingi kwa mtu anayejilaumu.

Namshukuru yule fundi kwa swali lake. Namshukuru mama wa Gakoromone aliyenipigia simu badala ya kuacha kununua kimya kimya. Nanyi mmeniacha nikae kiti cha nyuma tangu mwaka uanze bila kuniuliza kitu. Asanteni.

Binamu nilimwomba aje. Jana alikuwa akifunga duka, akaniambia, "Nenda wewe." Nikaanza kuondoka, akaniita. "Ukimaliza habari za mashine, waambie bia ilikuwa nzuri."

Ndugu zangu, ilikuwa nzuri sana.